Sababu Gani Mgonjwa wa Kolera Anapumua kwa Nguvu? Habari ya Asidi na Alkali ndani ya Damu



Katika somo la kemia tunatia karatasi ya litmusi ndani ya maji ya ndimu, inageuka nyekundu. Tunaitia ndani ya maji ya majivu, inageuka bluu. Tunaandika kwenye daftari, tunapata pointi zetu, na mambo yanaishia hapo. Wengi wetu tunafikiri asidi na alkali ni vitu vya mtihani wa Serikali tu. Lakini hapa Uvira, mwaka kwa mwaka, watu wanabebwa mgongoni au kwa pikipiki mpaka kwenye kituo cha kolera, na ndani ya damu yao hesabu ile ile ya asidi na alkali imeharibika. Mtu anayejua kuisoma hesabu hiyo kwa macho, pasipo mashine yoyote, anaweza kusaidia jamaa yake asipoteze saa moja bure. Ndiyo sababu tumetaka kuieleza katika kurasa hizi.

Kuna jambo moja hasa ambalo linawadanganya watu. Mgonjwa amehara na kutapika tangu alfajiri. Saa nne anaanza kupumua kwa nguvu, pumzi ndefu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, na kumbe amelala tu kwenye mkeka. Jamaa wanasema: «Sasa ugonjwa umeingia mapafu.» Mmoja anasema ni pumu, mwingine anasema amelishwa sumu. Wanaanza kumpaka dawa kifuani na kumtafutia vidonge vya kikohozi. Mapafu yake lakini hayana ugonjwa. Hakohoi, na munganga akiweka sikio kifuani anasikia hewa inapita safi. Mapafu yale yanafanya kazi ya kumwokoa mgonjwa, na yanaifanya kwa nguvu zao zote.

Tuanze mbali kidogo, ndipo tutaelewa.

Asidi ni kitu kinachotoa ioni ya hidrojeni. Alkali ni kitu kinachoipokea. Ndimu ni asidi, ukwaju ni asidi, hata maji ambamo mama amelowesha mihogo siku tatu yanakuwa na asidi, maana vidudu vimekula sukari ya mihogo na kutoa asidi ya laktiki. Ile harufu kali tunaijua wote. Maji ya majivu na sabuni ni alkali. Ziwa letu Tanganyika nalo ni alkali: pH yake ya juu juu iko karibu na 9, kwa sababu ya chumvi nyingi, na sehemu kubwa ya chumvi hizo inaletwa na mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu katika nchi ya volkano.

Damu ya mtu mzima wa afya iko na pH kati ya 7,35 na 7,45. Hapo tu. Mtu akisikia 7,1 atasema, «Tofauti ni ndogo!» Hapana. pH ni logariti, tusisahau. Kushuka kutoka 7,4 mpaka 7,1 maana yake ioni za hidrojeni zimekuwa mara mbili. Chini ya 6,8 ni watu wachache sana wanaobaki hai. Hii ni kwa sababu protini zote za mwili, zile anzimu zinazofanya kazi ndani ya kila seli, zinabadilika umbo asidi ikizidi au ikipungua, nao moyo unapoteza nguvu.

Ajabu ni kwamba mwili wenyewe unatengeneza asidi mchana na usiku. Bugali na ndagala tulizokula zikichomwa ndani ya seli zinatoa gesi kaboniki, na gesi hiyo ikikutana na maji inakuwa asidi. Kwa siku moja mtu mzima anatoa karibu milimoli 15 000 za gesi hiyo. Juu ya hiyo, protini za chakula zinaacha asidi nyingine ambazo haziwezi kutoka kwa pumzi, karibu milimoli 70 kwa siku. Kama hakungekuwa na walinzi, tungekufa kabla ya jioni.

Walinzi wako watatu. Wa kwanza ni bikarbonati, alkali iliyo ndani ya damu yenyewe. Yeye anakamata ioni ya hidrojeni papo hapo, kwa nukta moja. Wa pili ni mapafu: yanatupa nje gesi kaboniki, na yanaweza kuongeza kazi kwa dakika chache. Wa tatu ni mafigo, ambayo yanatupa asidi ndani ya mkojo na kurudisha bikarbonati katika damu. Mafigo ni mlinzi mzuri kuliko wote lakini ni wa polepole, kazi yake inahesabiwa kwa siku.

Sasa walio wa mwaka wa tano na wa sita wachukue kalamu, maana hesabu hii ni tamu na haizidi nguvu zao. Katika damu pH inapatikana hivi: 6,1 kujumlisha logariti ya bikarbonati kugawanya kwa gesi kaboniki iliyoyeyuka. Bikarbonati ya kawaida ni milimoli 24 kwa lita. Mkandamizo wa gesi kaboniki ni 40, tunauzidisha kwa 0,03, tunapata 1,2. Basi 24 kwa 1,2 ni 20. Logariti ya 20 ni 1,3. Jumlisha 6,1: ni 7,4. Tazameni vizuri: kitu kinachotawala pH ni ule mgawanyo wa 20 kwa 1. Si wingi wa bikarbonati peke yake, wala wingi wa gesi peke yake. Mmoja akishuka, mwingine naye akishushwa, mgawanyo unaweza kubaki karibu na pahali pake. Siri yote ya pumzi ya mgonjwa wetu iko hapo.

Turudi kwake. Kijidudu cha kolera, Vibrio cholerae, hakiingii damuni. Kinajishika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu, na sumu hiyo inafungua milango ya seli kama robine iliyovunjika. Maji yanatoka, na hayatoki matupu. Yanatoka na sodiumu, klorini, potasiumu, na bikarbonati nyingi. Choo cha kolera cha mtu mzima kinaweza kuwa na milimoli karibu 45 za bikarbonati kwa lita moja, yaani karibu mara mbili ya ile iliyo katika damu. Na mgonjwa wa kolera kali anaweza kupoteza mpaka lita moja kwa saa.

Hesabu tena. Mtu wa kilo 60 ana maji yapata lita 12 nje ya seli zake, pamoja na maji ya damu. Zidisha kwa 24: akiba yake ya bikarbonati pale ni milimoli 288. Akihara lita tano, 5 mara 45, amekwisha kutupa 225. Ni kweli kwamba mwili unarudisha kidogo kutoka pahali pengine, kwa hiyo akiba haifiki sifuri, lakini mmeona hatari ilivyo. Na bado si hiyo tu. Damu imekuwa nzito na kidogo, haifiki vizuri mikononi na miguuni, seli zinakosa oksijeni na kuanza kutengeneza asidi ya laktiki, ile ile ya mihogo. Tena mafigo, yale yaliyopaswa kutupa asidi, yamekosa damu na yameacha kutengeneza mkojo. Walinzi wawili wameanguka. Amebaki mmoja, mapafu.

Tuseme bikarbonati imeshuka mpaka 12. Kama mgonjwa angepumua kama kawaida, ingekuwa 12 kwa 1,2, ni 10. Logariti ya 10 ni 1. pH ni 7,1. Hatari kubwa. Lakini ubongo umesikia asidi, umeamuru mapafu yapumue kwa nguvu, gesi kaboniki inatupwa nje, mkandamizo wake unashuka kutoka 40 mpaka karibu 26. Zidisha kwa 0,03: ni 0,78. Gawanya 12 kwa 0,78, ni kama 15,4, na logariti yake ni 1,19. pH ni 7,29. Si nzuri, lakini mtu anaweza kuishi nayo akingoja dawa. Ile pumzi inayowaogopesha jamaa ndiyo imeshika damu isianguke kutoka 7,29 mpaka 7,1.

Pumzi ya namna hii ina jina. Inaitwa pumzi ya Kussmaul, kwa sababu ya Adolf Kussmaul, munganga wa Ujerumani ambaye aliieleza mwaka 1874. Yeye hakuiona kwa kolera, aliiona kwa wagonjwa wa kisukari waliokaribia kufa. Huko asidi inatoka katika mafuta yanayochomwa ovyo kwa kukosa insulini, na pumzi yao mara nyingine inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sababu ni mbalimbali, pumzi ni moja, kwa kuwa mapafu hayaulizi asidi imetoka wapi.

Basi dawa yake ni nini? Hapo historia inafundisha kitu, na kwa maoni yetu ingefaa isomwe darasani pamoja na habari za Pasteur. Kolera ilipofika Uingereza mwaka 1831, kijana mmoja mganga, William O'Shaughnessy, mwenye miaka 22 tu, alipima damu ya wagonjwa. Akakuta imepoteza maji, imepoteza chumvi, na imepoteza alkali yake. Alisema virudishwe. Mwaka 1832 munganga Thomas Latta wa Leith, katika Scotland, akajaribu: alitia maji yenye chumvi na soda ndani ya mshipa wa mwanamke mmoja mzee aliyekuwa amekwisha kukatiwa tamaa. Mwanamke akafumbua macho, uso ukarudi, akasema yuko vizuri, anataka usingizi. Latta akaenda kupumzika. Kuhara kukaanza tena, hakuna aliyerudisha maji, na baada ya saa chache mama yule akafa. Wagonjwa wengine wa Latta walipona, lakini kazi yake iliachwa miaka mingi, na wagonjwa wa kolera wakaendelea kutolewa damu na kupewa dawa za kuharisha. Kuwaharisha watu wa kolera! Kolera kali isiyotibiwa inaweza kuua nusu ya wagonjwa. Ikitibiwa vizuri na mapema, hafi hata mmoja katika mia.

Siku hizi tukiingia pahali pa kolera tunaona zile chupa na mifuko ya selumu imetundikwa. Wengi wanafikiri selumu ni selumu, zote sawa. Hapana, ndugu. Ile ya sukari peke yake, glukozi ya tano kwa mia, haifai kwa kolera, maana haina chumvi wala alkali. Ile ya chumvi peke yake inarudisha maji na inaweza kuokoa mtu kama hakuna nyingine, lakini haina hata chembe ya alkali, kwa hiyo asidi inakawia kutoka. Inayopendelewa ni Ringer laktati.

Hapo mwanafunzi mwenye akili atainua mkono: «Mwalimu, tumesema asidi ya laktiki inamdhuru, sasa tunampa laktati tena?» Swali zuri sana. Asidi ya laktiki ni laktati pamoja na ioni ya hidrojeni, na inayodhuru ni ile hidrojeni. Katika Ringer laktati imekuja bila hidrojeni, imekuja na sodiumu. Ini linaichukua na kuichoma, na katika kuichoma linatumia ioni za hidrojeni, na nyuma yake inabaki bikarbonati. Kila lita inaleta milimoli 28 za laktati, na zikichomwa, ni 28 za bikarbonati. Kwa nini wasitie bikarbonati yenyewe ndani ya mfuko? Kwa sababu haikai vizuri pamoja na kalsiumu, inafanya chokaa. Laktati inapita njia ya nyuma na kufika nyumba ile ile.

Kipimo cha mgonjwa aliyekauka kabisa ni mililita 100 kwa kilo moja ya mwili. Mtoto wa kilo 20, mwenye zaidi ya mwaka mmoja, anapata lita mbili: mililita 600 kwa nusu saa ya kwanza, na 1 400 zinazobaki kwa masaa mawili na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapewa polepole zaidi, yote kwa masaa sita. Hii ni kazi ya wauguzi, si ya nyumbani, lakini tumeiandika ili watu wasishangae kuona selumu inakimbia kama maji ya mvua, wakasema munganga anataka kumwua mtoto. Katika kolera inapaswa kukimbia. Na baadaye, kama Latta alivyoonyeshwa kwa huzuni, yanayotoka yanapaswa kurudishwa kila saa mpaka kuhara kukome. Ndiyo maana kitanda cha kolera kina tundu na ndoo chini yake, ili yapimwe.

Kuna mtego mmoja hapa, wa potasiumu. Asidi ikijaa katika damu, seli zinameza hidrojeni na kutoa potasiumu nje, kwa hiyo damu inaonekana ina potasiumu ya kutosha wakati mwili mzima umeipoteza chooni. Asidi ikitengenezwa, potasiumu inarudi ndani ya seli kwa haraka, na ghafula damu inaikosa: misuli inalegea, tumbo linavimba, moyo unapiga vibaya. Ringer ina milimoli 4 tu kwa lita, haitoshi. Kwa sababu hiyo mgonjwa anapoweza kumeza tu, hata kabla selumu haijatolewa, anapewa kunywa maji ya pakiti, yale ya ORS, ambayo yana potasiumu zaidi.

Tena hiyo pakiti ina hadithi yake ya alkali. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bongaon, upande wa India, na kolera ikawashambulia. Selumu zilikwisha. Munganga Dilip Mahalanabis akaamua kupima glukozi, chumvi ya mezani na bikarbonati, akafunga katika mifuko, akaagiza watu wanyweshwe, hata na jamaa zao. Vifo vilikuwa karibu 30 kwa mia. Kwa waliotunzwa naye vilishuka mpaka chini ya 4 kwa mia. Glukozi imo kwa sababu moja: sumu ya kolera inafungua mlango wa kutoka, lakini haizibi mlango ambamo glukozi na sodiumu vinaingia pamoja, na maji yanafuata. Pakiti ya kwanza ya Shirika la Afya la Dunia, ya mwaka 1975, ilikuwa na gramu 2,5 za bikarbonati. Katika nchi za joto na unyevu kama yetu, bikarbonati ile ilikuwa inaharibika ndani ya pakiti, unga unageuka rangi. Basi katika miaka ya 1980 wakaiondoa wakatia sitrati, gramu 2,9. Sitrati ni nini? Ni chumvi ya ile asidi iliyo katika ndimu! Nayo, kama laktati, ikichomwa mwilini inaacha bikarbonati. Tangu 2002 pakiti ya lita moja ina chumvi gramu 2,6, glukozi 13,5, potasiumu kloridi 1,5 na sitrati 2,9. Someni maandishi ya nyuma ya pakiti, mtaona ni somo la kemia lililofungwa kwa karatasi.

Tukitaja ndimu, wengine wanasema kunywa ndimu kunaleta asidi katika damu. Sivyo. Asidi ya ndimu inachomwa yote ikawa gesi kaboniki na maji, na mapafu yanaitupa. Pahali ambapo asidi inatufaa kweli juu ya kolera ni tumboni, kabla kijidudu hakijafika utumbo. Vibrio inapenda alkali na inachukia asidi. Hata katika laboratwari wanaiotesha ndani ya maji ya alkali, na alkali ya ziwa letu haiiui. Tumbo la chakula lenye asidi kali linaua nyingi sana. Majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 1971, kwa watu waliojitolea, yalionyesha kwamba ikinywewa na maji tu ilihitajika vijidudu bilioni 100 ili mtu augue, lakini waliopewa kwanza bikarbonati ya kuzima asidi ya tumbo waliugua kwa milioni moja. Kwa hiyo wanaopenda kumeza bikarbonati au vidonge vya kiungulia kila siku, wajue wanafungua mlango wakati kolera iko mtaani. Lakini ndimu mbili ndani ya bidoni ya lita 20 haitoshi kusafisha maji, tusidanganyane.

Na maji ndiyo shida yetu. Kolera ilipanda upande wa mashariki wa nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1970, na kando ya ziwa haijaondoka kabisa. Mji wetu unategemea maji ya Regideso yanayotolewa katika mto Mulongwe. Robine zikikauka, watu wanashuka ziwani na bidoni. Aurélie Jeandron na wenzake walilinganisha siku za maji na siku za kolera hapa Uvira, kuanzia 2009 mpaka 2014. Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa wanaoingia katika kituo kwa siku 12 zinazofuata wanaongezeka kwa 155 kwa mia, ukilinganisha na siku ambazo maji yanatoka vizuri. Mwezi wa nne 2020 Mulongwe ukafurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba nyingi na kuharibu mitambo ya maji, na hofu ya kolera ikarudi. Hatusahau pia Goma, mwezi wa saba 1994: kati ya wakimbizi waliotoka Rwanda karibu 50 000 walikufa kwa mwezi mmoja, wengi kwa kolera na kuhara damu. Hapakuwa na maji safi, hapakuwa na mikono ya kutosha ya kunywesha watu.

Tuseme kwa kifupi juu ya shida nyingine za mizani hii, maana mtu asifikiri ni kolera tu. Anayetapika peke yake, siku nyingi, bila kuhara, anapoteza asidi ya tumbo. Damu yake inakuwa alkali kupita kiasi, na yeye kinyume chake anapumua polepole. Mwenye mapafu yaliyoharibika kwa moshi anashindwa kutupa gesi kaboniki, asidi inajaa kutoka upande wa mapafu. Na mwanafunzi mwenye hofu kubwa, usiku wa kuamkia mtihani, anapumua mbio mbio pasipo sababu ya damu, anatupa gesi kaboniki nyingi mno, damu inakuwa alkali: vidole vinachoma kama vimetiwa pilipili, mikono inajikunja, anaona kizunguzungu. Tumekwisha kuona hayo katika mabweni, na wenzake wanapiga kelele kwamba ni pepo. Akae chini, mtu mmoja mtulivu aongee naye, apumue polepole pamoja naye, na baada ya dakika chache mikono inafunguka. Lakini kwanza mhakikishe hahari, hana homa, hana kisukari.

Homa tumeitaja makusudi. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kupumua pumzi ile ile ndefu, kwa asidi ya laktiki. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, Kevin Marsh na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba pumzi ya taabu ni moja ya dalili kubwa zinazotabiri kifo cha mtoto wa malaria. Basi mtu angesema, tumkimbizie selumu kama wa kolera. La hasha! Utafiti mkubwa uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3 141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, ukatangazwa mwaka 2011, ulishangaza dunia: waliomiminiwa selumu kwa haraka walikufa zaidi, kama 10,5 kwa mia kwa masaa 48, kuliko wasiomiminiwa, 7,3 kwa mia. Watoto wa kuhara hawakuingizwa katika utafiti huo. Pumzi inafanana, sababu yake ni nyingine, na selumu ile ile inaokoa mmoja na kuua mwingine. Ndiyo maana tunasema munganga aangalie, si jirani mwenye chupa.

Nyumbani tuangalie nini? Kwa mtu anayehara maji kama ya kuoshea mchele: finya ngozi ya tumbo, ikikawia kurudi amekauka. Tazama macho kama yameingia ndani, sauti kama imekauka, misuli ya miguu kama inakaza, mkojo kama umekoma. Hesabu pumzi. Akipumua kwa nguvu bila kikohozi, alkali yake inakwisha na muda wake ni mfupi. Asingojewe mpaka asubuhi. Njiani anyweshwe, kidogo kidogo, hata akitapika, ungoje dakika kumi uanze tena. Pakiti moja, lita moja ya maji safi, si nusu lita wala lita mbili. Kama hakuna pakiti, sukari vijiko sita vidogo vya kusawazishwa na chumvi nusu kijiko kidogo, katika lita moja. Maji haya ya nyumbani hayana potasiumu wala alkali, kwa hiyo ni ya kufikisha mgonjwa kituoni tu. Na msiongeze bikarbonati ya kupikia kwa kukisia mkono, kwa kuwa sodiumu ikizidi inamdhuru mtoto kwa njia nyingine. Ile sitrati ya pakiti imepimwa kwa mizani.